Dawa ya kutuliza italinda figo za kaka yangu?

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 41, leo ni siku ya tatu yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Kongosho limevimba kwa sababu ya mawe ya nyongo, na figo zimeanza kulegea. Wanampa deksmedetomidini kwa mshipa. Binamu yetu amesoma kwamba inazuia viungo kufeli, muuguzi anasema ni ya kumtuliza tu. Tushike lipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana. Shikeni la muuguzi, ingawa binamu naye hakutunga lake.

Dawa hiyo humtuliza mgonjwa bila kumzamisha: ukimwita anafumbua macho, anakubana kidole, kisha anasinzia tena. Haizimi pumzi kama dawa nyingi za usingizi, ila hushusha presha na mapigo ya moyo, ndiyo maana wanamwangalia kwenye mashine muda wote.

Alichosoma binamu kimetoka maabara. Kongosho likiugua hivi, vimeng'enya vyake vya kusaga chakula, vinavyopaswa kuamkia kwenye utumbo, huamkia humo humo na kulila lenyewe. Mwako wake huingia kwenye damu ukafika mapafu na figo. Kwa panya, dawa hii ilipunguza mwako huo, na inaelekea hupitia neva ya vagasi, inayotoka ubongoni hadi tumboni. Natamani sana ithibitike kwa binadamu. Hadi sasa hakuna dawa yoyote iliyothibitika kuzuia viungo kufeli kwa wagonjwa hawa.

Kinachomlinda kaka ni maji yanayopimwa kwa makini. Mimi nilifundishwa kufungulia dripu kwa kasi. Kisha mwaka 2022 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa 249: kati ya waliojazwa maji mengi, asilimia 20.5 walizidiwa na maji mwilini; waliopewa kwa kiasi, 6.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati. Tangu hapo mkono wangu umekuwa mzito kwenye dripu.

Nakumbuka binti mmoja aliyemuuguza mama yake, muuza samaki. Kila akiruhusiwa kuingia alimuuliza muuguzi mkojo umefika ngapi, akaandika kwenye daftari la shule. Usiku wa pili alituonyesha namba zinapanda, nami nilifurahi kuliko kuona jibu lolote la damu. Kwa mtu wa kilo 70 tunatafuta kama mililita 35 kwa saa. Ulizeni hiyo.

Ulizeni pia figo zimelegea tangu saa ngapi. Zikipita saa 48 bila kurudi, ugonjwa unahesabiwa kuwa mkali, na huenda mkaambiwa habari ya kusafisha damu. Msiisikie kama hukumu ya kifo, maana figo nyingi huamka baadaye. Na kama hawezi kula, ulizeni lini ataanza kulishwa kwa mrija wa puani, kwa sababu utumbo uliolala njaa hukaribisha maambukizi.

Mfuko wa nyongo utolewe mara hali itakapotulia, msikubali kuambiwa "tutaona", kwani mawe yakibaki yanaweza kumrudisha hapo hapo. Akianza kunywa uji, niandikie.