Kivuli kinanikimbia, nifanyeje?

SWALI: Habari, mimi na marafiki zangu wawili wikendi tunabeba rangi za maji tunaenda kuchora nje kwenye kamji kadogo ka kale, raha sana, ila picha zangu zinaharibikia katikati. Nikianza jua liko huku, nikifika kwenye madirisha limeshahama, mwishowe ukuta una kivuli cha asubuhi na mlango una cha mchana. Alafu kuta nyeupe zinabaki kama karatasi tupu, na wenzangu wanamaliza mapema mimi bado nafutafuta. Nisaidie.

JIBU: Mkono wako hauna shida, shida ni unaanza na nini. Jua linahama nyuzi 15 kila saa, na kwenye vichochoro vyembamba inaonekana haraka mno, ukizama kwenye nakshi za mlango ukiinua macho kivuli kimeshatoka kizingitini. Kwa hiyo dakika 10 za kwanza zungushia vivuli vyote kwa penseli, uvipake hapohapo kwa mkupuo mmoja, hata kama mlango bado haupo. Baada ya hapo jua la kufuata ni lile lililoko kwenye karatasi yako, la juu liache liende zake. Madirisha na nakshi havihami, vitakusubiri.

Mwanga ukibadilika kabisa, chukua karatasi nyingine, ile ya kwanza utarudi nayo siku nyingine saa ileile. Mchoraji Mfaransa Claude Monet alipochora kanisa kuu la mji wa Rouen, Ufaransa, mwaka 1892 na 1893 alikuwa na kanvasi kadhaa, anabadilisha kadiri mwanga unavyobadilika, kwa hiyo picha nusu sio picha mbovu jamani.

Ukuta mweupe sasa, hapa ndo patamu. Tazama upande wenye kivuli utaona juu una ubuluu wa anga, na chini karibu na ardhi kuna rangi ya udongo inayorudi ukutani, kama joto hivi. Paka buluu nyepesi juu, udongo chini, ziache zikutane zikiwa bado mbichi na usiziguse tena. Na karatasi iwe kivulini, maana ukipakia juani kila rangi inaonekana ina mwanga, ukifika ndani unakuta picha nzito.

Kuhusu wenzako, kaeni mbalimbali kidogo na msichunguliane mpaka wote mmeweka brashi chini. Alafu yule anayemaliza mapema muulize alianza na nini.