Chupa ya mtaroni hufika baharini?

SWALI: Naishi Mathare, Nairobi. Je, chupa inayotupwa mtaroni huku yaweza kufika baharini?

JIBU: Ndiyo, yaweza. Mto Mathare huingia Mto Nairobi, nao huingia Athi, ambao huko chini huitwa Galana, kisha Sabaki, ukamwaga maji baharini kaskazini mwa Malindi. Chupa iliyofungwa huelea kwa hewa iliyomo. Isiyo na kifuniko hujaa maji ikazama, maana plastiki yake ni nzito kuliko maji. Kifuniko chenyewe huelea peke yake.

Badala ya kuitupa, suuza chupa, ikaushe, ikanyage, weka kwenye gunia lake, mbali na maganda ya jikoni. Ikichafuka kwa mabaki ya chakula, wanunuzi wa chupa zilizotumika huikataa. Tafadhali wahi kabla ya mvua za Machi: maji ya kwanza husomba kila kilicholundikana mtaroni.