Kupima kiwango cha kuyeyuka: mambo ya kuangaliwa kabla ya kuwasha kifaa

Mtu anayeingia maabara kwa mara ya kwanza huambiwa kwamba kupima kiwango cha kuyeyuka, yaani joto ambalo kitu kigumu hugeuka kimiminika, ni kazi nyepesi: tia unga kidogo kwenye neli nyembamba ya kioo, upashe joto, utazame, kisha uandike. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaficha jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa, nalo ni kwamba jibu mara nyingi huwa limekwisha kuharibika kabla kifaa hakijawashwa. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye maandalizi ya sampuli, na vifaa vyenyewe nitavigusa pale tu panapohitajika.

Sampuli yangu ya kwanza ilikuwa asidi benzoiki, niliyoisafisha kwa kuimumunyisha katika maji ya moto na kuiacha ipoe mpaka ikatoa fuwele nyeupe za kupendeza. Asidi hiyo ikiwa safi huyeyuka kwenye nyuzi 122 za Selisiasi. Yangu ilianza kutoa majimaji kwenye 109 na haikumaliza mpaka 117. Nilikilaumu kipimajoto, nikabadilisha kifaa, nikapata majibu yaleyale. Aliyekuwa akinisimamia hakugusa kifaa chochote. Alichukua fuwele kidogo, akazikandamiza kati ya karatasi mbili za kuchujia, akanionyesha alama ya unyevu. Niliziweka usiku kucha ndani ya chombo cha kukaushia chenye silika jeli, na kesho yake ziliyeyuka kati ya 121 na 122.

Sababu yake inafaa kueleweka badala ya kukaririwa tu. Ndani ya fuwele, molekuli zimepangwa kwa utaratibu maalumu ambao hauipi nafasi molekuli ngeni, ilhali ndani ya kimiminika mgeni hukaa bila shida. Kwa hiyo kitu kigeni kinachochanganyika na kimiminika, yawe maji au mabaki ya kiyeyushi (kimiminika kilichotumika kuimumunyisha sampuli), hukipa kimiminika nguvu ya kuwapo kwenye joto la chini kuliko kawaida. Matokeo yake huonekana kwa namna mbili kwa pamoja: kuyeyuka huanza mapema, na pengo la nyuzi kati ya mwanzo na mwisho wake hupanuka. Fuwele safi kwa kawaida humalizika ndani ya nyuzi moja au pungufu. Ukiona nyuzi tano, usianze kutafuta jina la kampaundi, yaani kitu chenyewe unachokipima, rudi ukaikaushe au ukaisafishe.

Angalia pia usidanganywe na upande wa pili. Kitu kisichochanganyika na kimiminika hicho, kwa mfano nyuzinyuzi za karatasi ya kuchujia au chembe za kioo, hakishushi joto la kuyeyuka, bali hubaki kikielea ndani ya kimiminika ambacho kingepaswa kuwa angavu. Tena ipo michanganyiko ya vitu viwili ambayo, kwa uwiano mmoja maalumu uitwao yutektiki, huyeyuka ghafla kama kitu kimoja safi. Kuyeyuka kwa ghafla ni dalili njema ya usafi, lakini si hati ya kuuthibitisha.

Sampuli ikishakauka, isage iwe unga laini. Gandamiza mdomo wa neli kwenye unga, igeuze, kisha iangushe ndani ya bomba refu la kioo lililosimamishwa mezani, ili unga ushuke hadi chini na kushikamana. Urefu wa milimita 2 hadi 3 unatosha kabisa. Wageni wengi huongeza wakidhani wingi utarahisisha kuona, kumbe unga mwingi huchelewa kupata joto katikati na hupanua jibu hata kama kampaundi ni safi. Unga uliolegea nao huacha hewa katikati, na joto halipiti vizuri.

Sasa kuhusu mwendo wa kupasha joto, mahali ambapo subira ya watu huisha. Karibu na joto la kuyeyuka, kipimajoto hakipaswi kupanda zaidi ya nyuzi 1 hadi 2 kwa dakika, kwa sababu kipimajoto na unga havipati joto kwa wakati mmoja, na ukiharakisha unasoma joto la kimoja huku ukitazama hali ya kingine. Hata hivyo, kutoka nyuzi 25 hadi 122 kwa mwendo wa nyuzi 2 kwa dakika ni zaidi ya dakika 48, na hakuna anayetakiwa kukaa muda wote huo akikodolea macho lenzi. Andaa neli mbili. Ya kwanza ipandishe nyuzi 10 kwa dakika ili ujue takriban inapoyeyuka. Kisha acha kifaa kipoe angalau nyuzi 20 chini ya hapo, weka neli ya pili, na upande polepole. Usiirudie neli ya kwanza, kwa kuwa kampaundi iliyokwisha kuyeyuka inaweza kuwa imeoza kwa joto (molekuli zake zimevunjika), au ikaganda katika umbo jingine la fuwele lenye kiwango tofauti.

Unapotazama, andika joto la tone la kwanza la kimiminika na joto ambalo fuwele ya mwisho imetoweka. Kabla ya hapo unga unaweza kusinyaa na kujitenga na kioo. Huko si kuyeyuka, ingawa ni vyema kukutaja daftarini. Hapa lugha yetu nayo hutaka uangalifu, maana wengi hutumia neno kuyeyuka kwa barafu inayopashwa joto na kwa chumvi inayotiwa majini. Mimi nimejizoeza kuandika kumumunyika kwa lile la pili, baada ya kusoma daftari langu mwenyewe na kushindwa kujua nilikusudia nini.

Kampaundi nyingine hazitaki utaratibu huu. Sukari na asidi za amino hubadilika rangi na kuoza zinapoyeyuka, na joto unalosoma hutegemea kasi uliyotumia. Andika joto, kasi, na kwamba sampuli imeoza. Kafeini na kafuri hugeuka mvuke kabla ya kuyeyuka na kukimbilia sehemu ya juu ya neli, kwa hiyo ziba neli pande zote mbili.

Kipimajoto nacho kipimwe kwa vitu vinavyojulikana: naftalini kwenye nyuzi 80, asetanilidi kwenye 114, asidi benzoiki kwenye 122. Tofauti utakayoipata iandikwe na itumike kusahihisha vipimo vyako vyote vya kifaa hicho.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote halihitaji kifaa chochote kipya. Yurea na asidi sinamiki zote huyeyuka karibu na nyuzi 133, na aliyepewa unga mweupe wa aina hiyo hawezi kujua kwa namba hiyo peke yake ni upi. Saga unga wako pamoja na yurea safi, kiasi sawa kwa sawa, kisha fanya vivyo hivyo na asidi sinamiki. Jaza neli tatu, mojawapo ikiwa na unga wako peke yake, uziweke kwenye kifaa kwa wakati mmoja. Mchanganyiko wa vitu viwili tofauti utalowa na kuporomoka mapema, nyuzi nyingi chini ya 133, huku neli nyingine mbili zikiwa bado kavu. Ule utakaongoja na kuyeyuka sambamba na unga wako ndio unaokupa jina lake.