Maswali na Majibu: Nyama ya Udhhiya kwa Waliopatwa na Maafa

Idi ya Kuchinja inapokuta watu wako chini ya maturubai, barua huanza kutufikia wiki tatu kabla. Tumechagua zile zinazogusa mambo yanayoharibika mara kwa mara. Hukumu tulizozitaja ni za madhehebu ya Shafi, na palipo na tofauti kubwa tumeionyesha.

Assalamu alaykum masheikh wetu. Sisi ni ndugu watano, tunaishi na wazazi na tunakula chungu kimoja. Kila mwaka tunachinja mbuzi watano. Mwaka huu mafuriko yamewaacha watu bila nyumba. Tukiwapa fedha za wale mbuzi, tutahesabiwa tumechinja?

Wa alaykumu salaam. La. Udhhiya ni kumchinja mnyama wa Idi hii kwa nia ya ibada, ndani ya siku zake. Fedha ni sadaka, ina malipo yake, ila haiitwi udhhiya.

Lakini hamlazimiki kuchagua kimoja mkaacha kingine. Kwa Shafi hii ni sunna iliyotiliwa mkazo, na mmoja wa watu wa nyumba akichinja, sunna imesimama kwa nyumba nzima. Chinjeni mbuzi mmoja, na thamani ya wanne iende kwenye mablanketi, dawa na maji safi. Mwenye kufuata madhehebu ya Hanafi hatakubali hesabu hii, maana kwao ni wajibu kwa kila mwenye uwezo. Na kama kuna aliyeweka nadhiri, huyo hana hiari: achinje, nyama yote aitoe, na yeye mwenyewe asile hata kipande.

Mkiamua kuchinja wote watano, msisafirishe nyama. Mwekeni wakili Mwislamu aliye karibu na kambi, mtumieni fedha anunue na kuchinja huko huko. Mnyama hai husafiri bila barafu. Wakili apewe orodha ya majina, na nia muiweke nyinyi mnapomkabidhi fedha. Saa inayohesabiwa ni ya pale mnyama alipo, si ya kwenu: asianze kabla ya swala ya Idi ya huko. Mwambieni atume ujumbe kila mbuzi anapochinjwa, kwa sababu sunna ya kutokata nywele na kucha inaendelea mpaka mnyama wako awe amechinjwa.

Kikundi chetu kina watu 23. Tumechanga tukapata fedha za ng'ombe mmoja wa kupeleka kambini. Kuna mtu anasema haifai. Nyama si ni ile ile?

Nyama ni ile ile, udhhiya ndiyo haipo. Ng'ombe hubeba watu saba tu, na kila mmoja asiwe na chini ya fungu moja la saba, na ngamia vivyo hivyo. Hivyo ndivyo Masahaba walivyochinja Hudaybiya, karibu na Makka, mwaka wa 6 Hijria. Mbuzi na kondoo ni wa mtu mmoja. Mkiwa 23 juu ya ng'ombe mmoja, hakuna hata mmoja wenu aliyefikisha fungu.

Dawa ni nyepesi na ifanywe kabla ya kununua. Watu 16 wawape wenzao saba michango yao kama zawadi kamili, isiyo na masharti ya kurudishwa. Saba wale wamiliki ng'ombe na waweke nia. Waliotoa wanapata thawabu ya kutoa. Au mkubaliane kwamba hii ni sadaka ya nyama, na hapo mnaweza kuwa hata 100.

Mwangalieni pia umri wa mnyama. Wakati wa maafa wafanyabiashara huleta ndama waliokonda. Ng'ombe awe ametimiza miaka 2, mbuzi 2 (madhehebu mengine yanaridhika na 1), kondoo 1 au awe ameng'oka meno ya mbele. Chongo iliyo wazi, ugonjwa ulio wazi, kuchechemea kulikodhihiri na kukonda hadi mifupa kukosa uboho, yote hayo yanamtoa.

Ng'ombe mmoja atatosha familia ngapi? Mwaka jana wa mwanzo kwenye foleni walipata mapaja, wa mwisho walipata shingo na mifupa, na watu nusura wapigane.

Walikuwa na haki ya kukasirika. Chukulia ng'ombe wa kilo 250 akiwa hai. Ukishatoa ngozi, kichwa, miguu na vya tumboni, hubaki karibu nusu, yaani kilo 125 pamoja na mifupa. Fungu moja la saba ni kilo 17 hadi 18. Wenye ng'ombe wakitoa yote, pata mifuko 60 ya kilo 2. Kila mwenye fungu akibakisha theluthi ya kula nyumbani kwake, kilo 6 hivi, kambi itapata mifuko kama 40. Msiahidi familia 60 halafu wenye mafungu wakakumbuka theluthi zao siku ya Idi. Hilo waulizwe mapema na liandikwe.

Ugomvi wa mapaja na shingo unatokana na kukata na kugawa kwa wakati mmoja. Kateni kwanza mkamalize. Wekeni marundo matano juu ya turubai safi: mapaja, mikono, mbavu, mgongo, shingo. Kila mfuko uchukue kipande kutoka kila rundo, kisha upite kwenye mzani. Macho ya mchinjaji, awe hodari kiasi gani, hayatoshi, na mgawaji anapoona sura anayoijua mkono wake huongezeka uzito bila yeye kutaka.

Kuponi zitolewe siku moja kabla, kwa orodha ya kambi: watu 1 hadi 4 mfuko mmoja, 5 hadi 8 miwili. Wajane na watoto walio peke yao wapelekewe hemani. Bakisheni mifuko mitatu minne kwa waliosahauliwa, maana hakuna orodha isiyoacha mtu. Maini, mapafu na utumbo visiingie kwenye mifuko hii. Huharibika haraka kuliko minofu, vipikwe siku hiyo hiyo.

Na msichinje wote siku ya kwanza. Tarehe 10 Mfunguo Tatu (Dhulhija), siku ya Idi yenyewe, kila mfadhili hufika na nyama, tarehe 12 kambi haina kitu. Shafi wanaruhusu hadi jua lizame tarehe 13, madhehebu mengine matatu yanaishia tarehe 12. Panga tarehe 11 na 12, utakuwa salama kwa wote.

Nyama yetu ilisafiri saa tatu tu ndani ya mifuko ya nailoni iliyofungwa vizuri. Ilipofika ilikuwa inanuka. Tulikosea wapi?

Kwenye huko kufunga vizuri. Mnyama aliyetoka kuchinjwa ana joto la nyuzi 38 au 39 za selsiasi. Ukimkata hapo hapo, ukamtia nailoni na kupanga mifuko juu kwa juu, joto halina pa kutokea. Katikati ya rundo hubaki vuguvugu safari nzima, na huko ndiko vijidudu huzaana. Nje mfuko unaonekana mzuri, ndani nyama imechacha.

Baada ya kuchunwa, mtundikeni kivulini penye upepo, nyama ikauke juu na ipoe. Anayetoa matumbo asiwe anayekata minofu, na visu viwe mbalimbali. Tumbo likipasuka, sehemu iliyochafuka ikatwe itupwe. Ukiimwagia maji unasambaza uchafu kwenye mzoga wote. Maji ya eneo la mafuriko ndiyo kabisa, yasiguse nyama.

Safari inayozidi saa mbili inahitaji barafu (saa moja, kama joto la nje limepita nyuzi 32). Kadiria angalau nusu kilo ya barafu kwa kila kilo ya nyama, ipangwe tabaka kwa tabaka, ndani ya masanduku yenye mfuniko. Kama barafu haipatikani, rudi kwenye jibu la kwanza: peleka mnyama hai.

Akichinjwa huko, iwe nje ya kambi, mita 30 au zaidi kutoka chanzo cha maji na upande wa bondeni. Damu na vya tumboni vizikwe shimoni. Palipofurika maji ya ardhini yako juu, shimo litajaa kabla hujalifunika, kwa hiyo chinjeni kwenye mwinuko mlete nyama tu. Mganga wa mifugo awepo aangalie mnyama akiwa hai, kisha ini na mapafu.

Kambini hakuna jiko wala kuni. Je, tunaweza kupika nyama yote tukawapa chakula?

Sehemu kubwa, ndiyo. Kwa Shafi kuna kiasi ambacho lazima fakiri Mwislamu, hata mmoja, akabidhiwe kikiwa nyama mbichi, awe na uhuru wa kuifanya atakavyo. Ini, utumbo au ngozi havitimizi hilo. Basi kabla ya kuwasha moto, chukueni mfuko mmoja kutoka kila mnyama (au kila fungu la saba) mkabidhi fakiri mwenye pa kupikia. Akiuza, msimlaumu, ni mali yake. Iliyobaki ipikeni. Hanafi na Maliki hawana sharti hili.

Na ni afadhali kupika. Kumpa kilo mbili za nyama mbichi mtu asiye na sufuria wala chumvi ni kumtwisha kazi. Ng'ombe yule wa kilo 250 hutoa minofu kama kilo 85. Kwa gramu 100 mbichi kila mtu, hizo ni sahani 850. Vipande viwe vidogo, viive hadi ndani, na chakula kiliwe ndani ya saa mbili. Watoto walio kwenye tiba ya utapiamlo msiwaongezee nyama bila kumuuliza mhudumu wa kliniki anayewatibu.

Wengine kambini si Waislamu. Tuwaruke?

Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi, ameona inafaa kuwapa katika udhhiya ya sunna, si ya nadhiri. Wapo Mashafi waliokataa. Hanafi na Hanbali wanaruhusu. Kwa chakula kilichopikwa sisi hatuoni sababu ya kuuliza mtu dini yake kwenye foleni. Asiyetulia na kauli hii anunue nyama ya kawaida ya ziada.

Je, ni vibaya kuweka nyama kwenye friza nyumbani wakati wenzetu wana njaa?

Mwaka mmoja Mtume (s.a.w.) alikataza kuweka nyama ya udhhiya zaidi ya siku 3, kwa sababu watu wenye dhiki walikuwa wameingia Madina. Mwaka uliofuata aliruhusu: kuleni, toeni sadaka, wekeni akiba. Sababu ya katazo imetajwa na hadithi yenyewe. Nyinyi mna dhiki ya namna ile mlangoni. Ukibakisha, bakisha kidogo cha kula siku za Idi.

Kuhifadhi kwa ajili yao ni jambo jingine, na ni zuri. Mradi wa Adahi wa Saudi Arabia, unaoshughulikia wanyama wanaochinjwa wakati wa Hija, umekuwa ukigandisha na kupeleka nyama kwa wahitaji wa nchi nyingine tangu 1983. Kwa wasio na friza, kuna kukausha: minofu isiyo na mafuta (mafuta hugeuka ladha), ikatwe vipande virefu vya unene wa sentimita 1, ichovywe dakika 5 kwenye maji safi yenye gramu 160 za chumvi kwa lita, kisha itundikwe bila kugusana, penye upepo na wavu wa kuzuia nzi, siku 4 au 5. Inahitaji hewa kavu. Mvua ikiwa bado inanyesha, usijaribu, pika yote.

Tumlipe mchinjaji kwa ngozi?

Hapana. Ujira wake utoke mfukoni mwenu. Ngozi haiuzwi na mwenye udhhiya. Wapeni mafakiri wenyewe, au msimamizi wa kambi azipokee kwa niaba yao, aziuze na fedha ziwafikie.