Mbona shavu la kulia limezeeka peke yake?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 47, naendesha lori Dar hadi Tunduma. Shavu langu la kulia lina madoa meusi na mikunjo pembeni mwa jicho. La kushoto liko safi. Kioo nafunga muda wote maana gari lina AC. Muuza vipodozi amenipa krimu ya kopo lisilo na jina, eti wiki mbili tu rangi itakuwa moja. Niipake? Pia utingo wangu ana ualbino, anasema ndani ya gari hana haja ya kujipaka mafuta ya jua. Ni kweli?
Dereva, Mbagala

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hiyo krimu usiipake hata mara moja. Makopo ya namna hiyo nakutana nayo kliniki kila mara, na mengi ni mkorogo: hidrokwinoni, steroidi, pengine zebaki. Rangi hung'aa upesi, kisha ngozi inakuwa nyembamba na jua linaiumiza kuliko mwanzo. Kama umeshaanza, njoo tukuachishe taratibu.

Sasa shavu. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo upande huo ndio unaokaa dirishani. Miale ya jua inayobabua, UVB, kioo huizuia kwa sehemu kubwa, ndiyo maana husikii kuungua. Aina ya pili ya miale, UVA, hupenya kioo. Inazama ndani na kukata nyuzi za kolajeni zinazoishika ngozi isilegee. Kioo cha mbele kina utando wa plastiki katikati, kinakukinga vizuri. Cha mlangoni kwa kawaida hakina. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa picha ya dereva wa lori wa Marekani, mwenye miaka 69, aliyekuwa barabarani miaka 28. Kwao usukani uko kushoto, na uso wake ulikunjamana vibaya upande huohuo wa kushoto.

Weusi wetu unatukinga, lakini si kwa yote. Kwetu madoa hutangulia, mikunjo hufuata baadaye.

Kofia haitakusaidia sana, mwanga unakuja kwa ubavu. Vaa mikono mirefu, na uulize mafundi wa vioo utando angavu unaozuia UVA. Asubuhi paka mafuta ya jua ya SPF (kipimo cha kinga) 30 au zaidi, yanayozuia UVA pia: mistari miwili, urefu wa kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo. Rudia kila saa mbili. Ukisimama kula Mikumi, paka tena. Yenye rangi ya ngozi ni bora kwako, kwani oksidi ya chuma iliyomo huzuia hata mwanga wa kawaida unaokoleza madoa.

Madoa tunayatibu kwa tretinoini usiku au asidi ya azelaiki, kwa maelekezo ya daktari. Ni kazi ya miezi. Mikunjo itapungua, haitaisha yote.

Utingo wako ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Kwake jua linaleta saratani, tena angali kijana, na dirisha la kushoto halimkingi. Mwambie ajipake hata ndani ya gari: uso, masikio, shingo, mikono, na midomo pia. Mafuta ya jua ya Kilisun yanatengenezwa Moshi mahsusi kwa watu wenye ualbino na hugawiwa bure. Aulizie kliniki ya ngozi. Na mtazame mdomo wa chini na masikio: akiwa na kidonda au gamba lisilopona kwa mwezi, asisubiri safari iishe.