Muulize Rubani: Mbona wanatua kwa kupanda mlima?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimeona kwenye simu ndege ndogo ikitua Papua Guinea Mpya, kwenye kiwanja kilichoinama kama paa la nyumba. Ilitua ikipanda, na upepo ulikuwa nyuma yake. Mwalimu wetu wa fizikia anasema ndege hutua ikiukabili upepo. Na kama ni hatari hivyo, kwa nini rubani asizunguke ajipange upya? – Kijana, Nachingwea

JIBU: Marahaba, mjukuu. Mwalimu hajakosea, hapa Mtwara tunatua tukiukabili upepo. Milimani mteremko ndio unaoamua. Chukua Lukla, Nepal: kiwanja kiko zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari, njia ina urefu wa mita 527 tu, na ncha ya juu imeipita ya chini kwa mita 60 hivi. Ukitua unapanda, mlima unakusaidia breki. Ukiondoka unashuka, unakuongezea mwendo. Upepo kidogo wa nyuma unavumilika. Ukizidi, unarudi ulikotoka.

Kuzunguka sasa. Mbele ya njia kuna ukuta wa mlima, na ndege yenye mzigo haipandi upesi kuushinda. Kimo cha mita 2,000 hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa) inabakiwa na asilimia 80 hivi ya nguvu zake. Mabawa nayo yanadai mwendo zaidi: saa ya mwendo ikikuonyesha kilomita 130 kwa saa, kwa kweli unakwenda 143 au zaidi, na njia yenyewe ni fupi! Kwa hiyo rubani huchagua alama mapema, labda mto au mti mkubwa. Kabla ya alama anaweza kugeuka atoke bondeni. Akishaipita, anatua, hata nguruwe akikatiza. (Papua wanafuga nguruwe kwa wingi, na nguruwe hasomi ratiba.) Ndiyo maana hupita juu kwanza kukagua.

Watu huogopa korongo. Mimi nilichokiogopa ni macho yangu. Njia inayopanda hukudanganya kwamba uko juu mno, nawe unashusha pua, kumbe unaufuata ukingo wa chini. Vijana niliowafundisha niliwaambia washike mwendo na kimo walichopanga, macho yaseme yatakavyo. Tena usiondoe nguvu ya injini mapema: pua inabidi inyanyuke sana kuifuata njia, na mwendo hupotea ghafla.

Yote hayo hufanywa asubuhi. Ukifika Shimo la Mungu, ule ukingo mkali wa Newala, hebu fikiria hewa ya bonde la Ruvuma ikipata jua na kuanza kuupanda ule ukuta. Milima ya Papua ni mirefu mara nyingi zaidi. Mchana upepo unavuruga ndege na mawingu yanaziba mlango wa bonde.

SWALI: Nafanya biashara ya korosho Masasi. Nilipopanda ndege ndogo walinipima kwenye mizani mbele za watu, na mkoba wangu! Ilikuwa lazima? – Mama wa Masasi

JIBU: Pole mama, ilikuwa lazima. Katika ndege ya watu watano kilo zako zinaamua mafuta kiasi gani yatiwe na ukae kiti gani. Uzito ukirundikana nyuma, pua inanyanyuka na usukani hautii. Waombe waigeuzie mizani upande wao. Ila wakikuuliza kilo kwa mdomo, usipunguze.