Jibu kwa mdogo wangu aliyeona picha za ziwani

Mdogo wangu, salaam. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale uliposahau kuuzima ukawa unagombana na bodaboda. Umeuliza mambo mawili. Kwa nini sisi wasomi wa Marekani tunapumzika miezi mitatu ya kiangazi na bado Tanga hatuonekani, na kwa nini mwaka huu nimekuwa na mkono wa birika. Ukamalizia kwamba shangazi kasema picha za ziwani zinajieleza. Haya, ngoja nikujibu, maana nikinyamaza mtajijazia wenyewe.

Vile viti vya njano, kijani na rangi ya chungwa viko kando ya Ziwa Mendota, hapa Madison, jimbo la Wisconsin. Kuvikalia ni bure. Ingekuwa kwa kulipia msingeniona pale. Na wale watu mnaowaona wakicheka kwenye ile picha, hivi leo mjini tumebaki mimi na yule Mrundi mrefu wa nyuma. Wengine wote wameondoka.

Baridi na kubeba boksi umeshasimuliwa na kila aliyewahi kupanda ndege, sirudii. Hela nitaisema kwa kifupi. Sisi wa shahada ya uzamivu tunaolipwa kwa kufundisha, katika vyuo vingi vya huku mkataba ni wa miezi tisa. Kuanzia Mei mwishoni mpaka mihula ianze tena, mshahara hakuna, na kodi ya chumba haijui kwamba ni likizo. Wakati wa masomo mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kuzidisha saa 20 za kazi kwa wiki, tena ndani ya chuo. Likizo ndiyo anaachiwa afanye siku nzima. Kwa hiyo huko kupumzika kwangu ni kutandika vitanda vya wageni wa makongamano bwenini, kisha jioni nakaa na tasnifu. Kuja Tanga? Viza yangu imeisha muda. Kukaa nakaa kihalali maadamu fomu yangu ya I-20, ile ya chuo inayothibitisha kuwa mimi ni mwanafunzi, iko hai, ila nikitoka sirudi, maana tangu Januari 2026 Marekani imesimamisha kutoa viza za wanafunzi kwa Watanzania, na mimi nimebakiza mwaka. Huyo Mrundi ndiye aliyetangulia: Warundi walisimamishiwa viza hizo tangu Juni 2025. Akitoka, katoka.

Sasa kinachoniuma ni watu.

Tulikuwa na mchezo, kama ule wa mama na wenzake pale Ngamiani. Kila mwezi tunachanga, mmoja anapokea, na tulipanga makusudi wasio na mshahara wa kiangazi wapokee Juni na Julai. Ile ada niliyokutumia mwaka juzi ulidhani imetoka wapi? Ilitoka kwa dada mmoja wa Bungoma, kwa kaka wa Mwanza, na kwa mtu na mkewe kutoka Unguja ambao wewe hata hukuwahi kuwasalimia. Mwaka huu wote wamemaliza. Tumebaki wawili, na mchezo wa watu wawili ni kubadilishana noti tu.

Na kumaliza huku hakuna kusema ngoja nivute pumzi kwanza. Ukishahitimu una siku 60: uondoke, uhamie masomo mengine, au uwe umeomba kibali cha kufanya kazi cha mwaka mmoja (wa sayansi wanaongezewa miezi 24). Hicho kibali nacho, ukikaa nacho bila kazi siku 90 kwa jumla, habari yako imekwisha. Ndiyo maana watu wanatetea tasnifu Aprili, wanavaa joho Mei, tunafurahi tunapiga picha tunawarushia, na Julai simu zao ziko Texas, Toronto na Mwanza. Urafiki wetu una tarehe ya mwisho iliyoandikwa na uhamiaji. Hilo hakuna aliyenidokeza nilipokuwa naaga.

Usiku wa kuamkia safari ya yule dada wa Bungoma tulipima masanduku. Ndege inakuruhusu mawili, kilo 23 kila moja. Mizani ya mizigo hatuna, kwa hiyo unapanda wewe kwenye mizani ya bafuni, unasoma, kisha unapanda ukiwa umelikumbatia sanduku, unatoa. Likizidi, unafungua. Alitoa vitabu akaweka viatu, akatoa viatu akarudisha vitabu, akatoa kanga aliyopewa harusini kwa kaka yake akaivaa mwilini juu ya suruali. Tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Alfajiri akapanda basi la uwanja wa ndege wa O'Hare, mwendo wa saa tatu hivi mpaka Chicago, na mimi nikaenda kutandika vitanda.

Anayebaki ndiye anayerithi. Chumba changu sasa kama duka la mitumba: mapazia ya huyu, masufuria ya yule, majiko ya wali ya umeme mpaka sijui niyaweke wapi. Ninayo na mbuzi ya nazi ambayo hakuna ajuaye iliingiaje nchi hii. Alikuwa nayo Mzanzibari mmoja aliyehitimu kabla yetu, akamwachia mwingine, mpaka imenifikia mimi. Nimeitumia mara chache. Nazi moja ni nyingi kwa mtu anayekula peke yake, na Juni jua la huku linazama karibu saa tatu usiku, kwa hiyo jioni za kula peke yako ni ndefu mno.

Agosti ndiyo utacheka. Mikataba mingi ya vyumba vya wanafunzi hapa Madison inaisha tarehe 14, na mipya inaanza tarehe 15. Mji mzima unahama kwa mkupuo, na wapo wanaolala usiku mmoja hawana kwao, vitu viko garini. Makochi, meza, taa, vyote vinatupwa kando ya barabara na anayetaka anaokota. Wenyeji wanaiita Krismasi ya mahipi. Ukija, okota usione haya, na maprofesa wengine walianza hivyohivyo. Godoro usiguse, lina kunguni. Mwaka huu niliona kabati la mbao safi kabisa, milango yote ipo. Lilikuwa la kubebwa na watu wawili. Nikalipita.

Lakini hayo yote ningeyavumilia nikanyamaza. Kilichonitoa machozi ni tumbo. Lilinianza upya Julai, daktari akaagiza kipimo kile cha kuingiza mpira wenye kamera mdomoni. Huku wanakupa dawa ya kukulaza, na sharti ni kwamba aje mtu mzima, jina lake liandikwe, akuchukue akufikishe nyumbani. Teksi peke yake hawaikubali. Huna mtu, hakuna kipimo. Dada wa mapokezi, kwa upole kabisa, akaniuliza kwenye simu: nani atakuja kukuchukua? Nikamwambia nitapiga baadaye.

Nikapitia majina kwenye simu. Texas. Mwanza. Toronto. Mrundi alikuwa porini kaskazini mwa jimbo anakusanya sampuli za udongo. Msimamizi wangu ni mtu mwema, ila utamwombaje profesa akushike mkono umelewa dawa unaropoka Kisambaa? Wenzangu wa idarani tunapendana vizuri sana saa za kazi, na kiangazi kila mmoja yuko kwao. Nikaahirisha. Nikaahirisha tena. Wewe wiki ileile ndiyo ulinitumia ujumbe kwamba nimewasahau, nami nikaweka picha ya ziwa ili msiniulize zaidi. Basi hiyo ndiyo picha ya shangazi.

Aliyekuja mwishowe ni mama mmoja Mkongo wa Uvira anayeishi Milwaukee, zaidi ya kilomita 120 kutoka hapa. Tulijuana kwa kuwa niliwahi kumsomea barua za shule ya mwanawe. Aliomba ruhusa kiwandani, akafika asubuhi na chupa ya chai na maandazi ambayo mimi sikuruhusiwa hata kuyaonja. Muuguzi akamuuliza yeye ni nani wangu. Akajibu: mama yake. Wakaandika hivyo hivyo.

Sasa utasema basi usije. Njoo. Viza zikifunguliwa, ukipata nafasi na nusu ya ada imelipwa, njoo, usinisikilize mimi niliyechoka. Maktaba za huku utalia kwa raha. Ila usizoee watu, utaumia. La, zoea, tena mapema, kabla baridi haijawafungia watu ndani. Usijifunge na Waswahili wanafunzi peke yao, maana wote mna tarehe za kuondoka. Tafuta waliohamia na watoto wao, wakimbizi, wazee wa msikitini, wale ambao Agosti itawakuta palepale. Lakini Jumamosi ukisikia kuna pilau kwa Waswahili, acha tasnifu, nenda. Jifunze kuendesha gari hukohuko Tanga. Na kuanzia Septemba ya kwanza weka akiba ya miezi mitatu, usitume hela kwa mtu yeyote, hata kwangu, hata nikilia. Najua hutaweza. Sisi hatukulelewa hivyo, na kusema kweli ningekuona huna utu.

Hela yako ya usajili: mshahara wangu unaingia mwishoni mwa Septemba, nitatuma nusu. Nusu nyingine mwone baba mdogo, anayo, anajifanya hana. Shangazi msalimie, mwambie picha nitaziweka nyingine. Majibu yametoka, ni vidonda vidogo, dawa nimepewa na nazimeza. Mama usimwambie lolote. Akikuuliza habari zangu, mwambie nimenenepa.